Najiba na Mshono wa Widad

Najiba alilisikia jina la Widad kwa mara ya kwanza akimpakulia mumewe kuskusi, na kabla sahani haijaisha alikuwa ameshalisikia mpaka akalichoka.

"Widad kasema ukikawia pahali pamoja bamba linatoboka," alisema Lasaad huku akitafuna. "Leo Widad kaunga kipande cha bomba, mwalimu kabaki kinywa wazi."

"Huyo Widad ana mume?"

"Sijamuuliza."

"Ni mkubwa? Mdogo?"

"Ah, Najiba! Mimi naenda kujifunza kuchomelea vyuma, siendi kuhesabu watu."

Lasaad alikuwa dereva wa gari la mikate hapo Menzel Bourguiba mpaka kiwanda cha mikate kilipofunga milango. Katika mji ule wa kutengeneza meli, kuchomelea ndiyo kazi ambayo hata mtu mzima aliweza kuianza akiwa hajui lolote, na chuo cha ufundi cha kando ya ziwa kilikuwa kimefungua darasa la watu wa namna hiyo. Najiba mwenyewe alikuwa akipika mlawi, mikate bapa ya kaango, dirishani kwake na kuwauzia wapita njia. Kila asubuhi alimfungia mumewe miwili ya moto, akamwambia, "Nenda kasome."

Dukuduku lilipomzidi akalipeleka kwa mama mkwe wake, Ummi Shedlia, aliyeishi chumba cha pili.

"Anamtaja mbele yako?" aliuliza mama mkwe.

"Kila siku, Ummi."

"Basi lala usingizi. Mwanamume akitaja jina la mwanamke kwa mkewe, bado hajafanya kitu. Siku akinyamaza, hapo ndipo ufumbue macho."

Najiba akatulia. Wiki iliyofuata Lasaad akanyamaza. Alikula, akashukuru, akazungumzia mpira, bei ya pilipili, goti la mamake. Jina la Widad halikutajwa tena, kana kwamba mwenye jina amehama nchi.

Najiba hakulala. Kulipokucha aliwaacha watoto kwa bibi yao, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda chuoni. Mwalimu wa darasa aliitwa Si Monsef, yaani Bwana Monsef; mzee huyo mfupi mwenye vidole vilivyounguaungua, alimtazama juu mpaka chini.

"Wanafunzi wawili wameacha, nafasi ipo," alisema. "Umewahi kushika chuma, mama?"

"Kaango langu la mlawi ni la chuma."

Si Monsef akacheka, akamwandikisha.

Lasaad alipomwona mkewe kavaa koti zito la kazi, mikono imemzidi urefu, nusura aangushe nyundo. "Unatafuta nini hapa?"

"Elimu. Kwani chuo umekinunua?"

Darasa zima likaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote alikuwa mwanamke mrefu aliyekaa juu ya meza ya vyuma, masizi kwenye shavu, nyusi kama zimechorwa kwa wino. Najiba hakuhitaji kuambiwa ni nani. Alikuwa amejiandaa kumkuta mwanamke wa kujipara na kujilegeza, mtu wa kumchukia bila taabu. Huyu alikuwa mzuri akiwa na masizi.

Tena Si Monsef akawaweka wanawake wawili hao kizimba kimoja cha kuchomelea. Widad akampa Najiba glavu zake za akiba, akamfundisha kushika rodi, kile kijiti cha chuma kinachoyeyuka, kwa wepesi, kama anayeshika kalamu. Najiba akasema ahsante, na neno lenyewe likamkwaruza koo.

Siku za mwanzo hakujifunza kitu. Rodi yake iling'ang'ania bamba kama kupe, akaivuta, akaisokota, ikakatika. Akili haikuwapo. Kila Widad alipokwenda kuchukua rodi upande wa wanaume, Najiba aliinua kinyago chenye kioo cheusi achungulie kama Lasaad anageuka. Kushoto moto unawaka, kulia moto unawaka, yeye macho wazi anamlinda mume. Jioni yake macho yakawaka kana kwamba yametiwa mchanga na pilipili ya harisa. Alilala chali akilia machozi asiyoyataka, na Lasaad akakata viazi mbatata vyembamba akamwekea juu ya kope.

"Mwalimu kasema usivue kinyago wenzako wakichoma. Ulikuwa unatazama nini?"

"Nilikuwa nakutazama wewe."

Lasaad akageuza vipande vya viazi upande wa baridi.

Aliporudi chuoni, Si Monsef alikuwa ameinua bamba moja mbele ya darasa zima. Katikati, pale vyuma viwili vilipoungana, ulipita mshono wa Widad, umelala sawasawa, pete juu ya pete kama magamba ya samaki. "Tazameni," alisema. "Hivi ndivyo mkono uliotulia unavyoandika." Kisha akachukua bamba la Najiba, akaligeuza, akalirudisha mezani kifudifudi. Mshono wake ulikuwa kama kuku amepita akiharisha.

Kilichomchoma Najiba siku ile hakikuwa kile kilichomleta. Aliyaona macho ya Si Monsef yakiukawilia ule mshono, akatamani yaukawilie wake. Wivu ukageuka kijicho. Kwa mumewe alikuwa na wivu wa mke. Kwa mkono wa Widad alikuwa na kijicho cha fundi, ingawa ufundi wenyewe hakuwa nao bado.

Akaanza kufika mapema kuliko mfagiaji. Aliokota vipande vya mabamba pipani, akaviunga, akagonga gamba lililoganda juu ya mshono kwa nyundo ndogo, akasugua kwa brashi ya waya, akatazama, akavitupa. Widad alipokuwa akichoma, Najiba alisimama nyuma yake, kinyago usoni, akihesabu pumzi zake. Pale nyumbani alikoroga supu kwa mwendo wa rodi.

"Jana nilichelewa kurudi," Lasaad alimwambia siku moja, "na hukuniuliza nilikuwa wapi."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kahawani tu. Lakini zamani ungeniuliza." Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa.

Hapo Najiba akakumbuka alichokuja kukifanya. Kesho yake, wakisubiri zamu ya grenda ya kusagia vyuma, akamkabili Widad.

"Dada, nikuulize. Wewe na mume wangu mna nini?"

Widad hakushtuka. Akavua glavu moja. "Hatuna kitu. Alikuwa ananiletea mlawi kila asubuhi. Nilidhani anaununua."

"Ni wangu! Naukanda alfajiri!"

"Nilijua baadaye. Siku moja akaanza maneno matamu. Nikamwambia, ndugu, aliyepika mkate huu asikuone ukiugawa. Akaona haya, hakusema nami tena ila mambo ya kazi."

Kumbe ndicho chanzo cha kile kimya cha Lasaad. Najiba alihisi hasira zimempanda na kukosa pa kutua. Zile za Lasaad zilikuwa za kwenda nazo nyumbani, na alikwenda nazo. Lasaad alikula mkate mkavu na mafuta hadi alipoomba radhi mbele ya mamake. Lakini kwa mwanamke huyu, ambaye mbali ya kuwa mzuri alikuwa pia mkweli, hasira zingefanya nini?

"Nionyeshe," akasema kwa ukali, "unavyoupandisha mshono wa wima usidondoke."

Widad akamwonyesha.

Ukafika mtihani. Kila mmoja aliunga mabamba mawili, yakapelekwa kwenye mashine ya kukunja, nayo ikayakunja polepole mshono ukiwa nje, ionekane kama utapasuka. La Widad lilikunjika kama mkate. La Lasaad lilitoa ufa mdogo wa kusamehewa. La Najiba likalia *ta!*, likafunguka katikati.

"Ulikuwa na haraka," alisema Si Monsef. "Ulikuwa unachoma, au unashindana?"

Najiba alitoka nje, akakaa akilipa ziwa kisogo, akawasikia wenzake wakipongezana ndani. Lasaad alipomfuata na cheti mkononi akamwambia, "Usinionyeshe."

Alirudia darasa na kundi jipya, bila mume wa kumlinda na bila Widad wa kumtazama mgongo, akafaulu. Lasaad alikuwa ameshapata kibarua penye matengenezo ya mashua. Widad ndiye aliyempeleka Najiba kwenye karakana ya matangi alikokuwa anafanya kazi, akamwambia msimamizi, "Mchukue, huyu hachoki." Najiba alishukuru tena, na koo lilikwaruza vilevile.

Wamefanya kazi pamoja miaka kadhaa sasa. Mwaka huu Widad, ambaye ameshaolewa, amekwenda likizo ya uzazi, na msimamizi akampa Najiba mishono ya matangi makubwa, ile inayopimwa kwa shinikizo la maji. Hakuna lililovuja. "Kwa sasa wewe ndiye bora hapa," alimwambia.

Lasaad aliposikia akapiga vigelegele vya kiume, akataka kuwaita majirani.

"Bora kwa sababu Widad hayupo," alisema Najiba, akavuta kiti, akaanza kula.