Aliyeitwa Hakulia

Zamani mtoto aliyezaliwa bila pumzi aliitwa hakulia na kuhesabiwa pamoja na ndugu zake. Siku hizi wanamwita mfu kabla hata kitovu hakijakatwa.

Shangazi yangu mkunga ndiye aliyelishikilia neno lile la zamani. Kwake, mfu ni mtu aliyeishi akafa. Asiyevuta pumzi ya kwanza ni hakulia, na mama akiulizwa ana watoto wangapi alijibu bila haya: "Watatu, na hakulia mmoja." Lakini neno halikutamkwa mpaka mtoto afutwe, afunikwe na kulazwa kifuani kwa mama yake. Leo nani ana subira hiyo?

Mke wangu alipojifungua nilikuwa nje ya chumba, nimekumbatia beseni la maji yaliyokwisha kupoa.

"Baba mtarajiwa," shangazi alinitania mlangoni, "unatetemeka wewe au beseni?"

Mara utani ukakatika. Nikasikia kofi dogo, kisha akipuliza, tena na tena. Kilio hakikuja.

"Shangazi, mbona halii?" mke wangu aliuliza.

"Tulia, mama. Namfuta."



Aliponiita, mtoto alikuwa kifuani kwa mama yake: wa kike, nywele tele.

"Hakulia, wanangu," shangazi alisema. Akanivuta pembeni. Shuka lilikuwa limelowa damu, na bado ilikuwa inatoka. "Kaite gari. Kimbia!"

Nilikimbia, nikawaza kila hatua kwamba nitakuta wawili wameondoka.

Gari la zahanati lilipofika, dereva akachungulia. "Mgonjwa apande. Mfu abaki."

"Mfu nani hapa?" shangazi alifoka. "Huyu ana mama yake! Wanapanda wote, la sivyo nipakie na mimi juu ya boneti."

"Haya bibi, pandeni basi, tunachelewa."

Nafasi yangu haikuwapo. Jioni shangazi alirudi kwa miguu, peke yake, mikono mitupu: mke wangu hakufika zahanati akiwa hai. Mpaka anazikwa, shangazi hakuzalisha tena.

Mimi nimebaki na mlango ule wa gari. Mke wangu, midomo imemkauka, alianza kuninyooshea mkono. Akahisi mtoto anateleza, akaurudisha na kumshika vizuri. Dereva akafunga. Ndivyo nilivyowaona mara ya mwisho wakiwa pamoja.