Mradi Iongee

Hakuna aliyeniajiri pale. Nilienda kuuza simu iliyopasuka kioo, nikakuta watu wawili wakigombana juu ya nani hasa mwenye kompyuta, aliyeinunua au aliyeitengeneza, nikaketi kusikiliza. Wiki iliyofuata nilikuwa bado naenda. Ndivyo nilivyoishi tangu niache shule kidato cha pili: nikipata mahali penye kitu nisichokijua, nakaa mpaka nikijue au nifukuzwe.

Kibanda chenyewe kilikuwa juu, ghorofa ya tatu, nyuma ya barabara ya Luthuli, Nairobi, katika moja ya yale majengo ambayo ukumbi mmoja hukatwakatwa kwa mbao na vioo ukazaa maduka yasiyotosha mtu kugeuka. Wawili wale waligawana kimoja. Meza moja, soketi moja ya umeme, na imani mbili zisizopatana.

Mwenye kibanda alikuwa mzee wa makamo, muuzaji wa laptopu zilizotumika kwenye ofisi za ng'ambo. Kila iliyoingia aliifuta, akaiwekea ule mfumo wa kulipia ambao dunia nzima inaujua, ila yake ilikuwa nakala iliyovunjwa kufuli, kutoka kwenye flashi aliyoivaa shingoni kwa uzi. Jengo zima lilifanya hivyo. Mteja hakuuliza na muuzaji hakueleza.

Mwenzake alikuwa fundi, kijana mwembamba aliyekuwa ameapa kutogusa mfumo wa wizi. Yeye alikuwa mtu wa programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Mashine yake ilikuwa na mfumo huria wa Linux, na vibandiko vingi hata huwezi kujua rangi yake.

"Ukinunua nyumba Kileleshwa, kwa matajiri," fundi angesema, akinyanyua laptopu ambayo kumbukumbu yake imelehemewa ubaoni isibadilishike, "halafu mjenzi akwambie huruhusiwi kubadilisha balbu, utakubali?"

"Mimi sijanunua nyumba Kileleshwa," mzee alijibu. "Na wewe hujanunua. Wacha tuongee mambo ya watu wetu."

Wapita njia walicheka. Wao wenyewe hawakucheka. Kuna siku walishinda bila kusemezana, kila mmoja akinituma kwa mwenzake ingawa viwiko vyao vilikuwa vinagusana.

Alhamisi moja asubuhi aliingia mwanamume wa umri wa kati, shati limepigwa pasi vizuri, fimbo nyeupe mkononi. Alikuwa haoni. Laptopu aliyonunua kwa mzee mwaka uliotangulia ilikuwa imeanza kujizima na kujiwasha yenyewe kila baada ya muda mfupi. Aliiweka mezani akaeleza shida yake bila kuzungusha. Kampuni aliyoifanyia kazi ilifungwa. Ametafuta nyingine mpaka amechoka. Kesho saa tatu ana mtihani wa vitendo katika ofisi moja Westlands: atapewa rekodi ya mkutano, aisikilize na kuiandika, kwa mashine yake mwenyewe. Wakiridhika, wanamchukua.

"Nina programu inayonisomea skrini," alisema. "Bila hiyo, hii ni sinia tu."

Mzee alikuwa ameshaivua flashi shingoni. "Hiyo ni kufuli ya mfumo imerudi. Nakuwekea ingine saa hii, mkubwa. Nusu saa uko sawa."

"Ingine ya wizi?" fundi akauliza bila kuinua kichwa. "Na ikizima kesho katikati ya mtihani, utaenda kumshikia kalamu?"

"Nyamaza. Huyu ni kastoma yangu."

"Ndiyo maana ako na shida."

Mzee akaweka flashi chini kwa kishindo. Fundi akamgeukia mgeni. "Kaka, hiyo programu yako ya kusoma, unajua ni huria? Watu wasioona ndio waliianzisha, wakapeana bure."

"Najua. Kwani nani ana pesa ya zile zingine?"

"Basi wewe ni mtu wetu tayari. Nikuwekee mfumo wote huria. Haikuzimii, haikuulizi leseni milele."

Mgeni aligeuza kichwa kuelekea sauti ya mmoja, kisha ya mwingine. "Itaongea?"

"Itaongea."

"Mimi sina upande, wandugu. Mradi iongee." Akasema ana vyeti vya kupeleka kwa wakili vigongwe mhuri, atarudi saa kumi. Tuliisikia fimbo yake ikigonga ngazi moja moja hadi chini.

Mzee akavaa koti. "Ikikataa usinitafute," akamwambia fundi, akaenda zake.

Fundi alinakili faili za yule bwana kwenye diski ya pembeni, akaifuta mashine, akaanza kupakia mfumo wake. Habari zilisambaa, kwa kuwa huko juu habari hupita juu ya mbao. Akaja muuza kava za simu, akaja fundi wa televisheni, wakajazana mlangoni.

"Kitu ya bure ikiharibika unampigia nani?" muuza kava aliuliza.

"Na ile ya kulipia, wewe ushawahi kumpigia nani?"

"Mimi sijawahi kulipia."

"Sikia mwizi anavyouliza maswali!"

Walibishana hivyo mchana kutwa, na mimi nikiwa katikati, nikimwuliza huyu na kumchokoza yule. Mashine ilipowaka tulishangilia. Skrini ilikuwa safi, intaneti ilishika mara moja, madirisha yalifunguka kwa kasi ambayo laptopu ile haikuwahi kuwa nayo. Hata fundi wa televisheni alikubali kwamba imependeza. Fundi wetu akafuta mikono kwa kitambaa, macho yake yakimeremeta.

Saa kumi mgeni alirudi, akaketishwa kwenye kiti cha mzee, akaweka vidole juu ya kibodi.

"Iwasheni."

"Imewaka, kaka. Iko fiti kabisa," fundi akasema.

Alingoja. Tukangoja naye, tukitabasamu kama wazazi kwenye sherehe ya shule. Akainamisha sikio. Akabonyeza kitu. Akabonyeza tena.

"Imewaka wapi?"

Katika jengo lile kila mashine inayotengenezwa hunyamazishwa, maana vibanda vimebanana na muziki wa jirani unatosha. Tulikuwa tumeijaribu mashine ya mtu asiyeona kwa macho yetu, saa baada ya saa, na hakuna aliyekumbuka kwamba ilitakiwa kusikika.

Fundi alinyoosha mkono juu ya bega la mgeni, akafungua sauti, akatafuta programu ya kusoma skrini ya mfumo ule, akaiwasha. Sauti ikatoka, ikasoma neno, ikakwama, ikaendelea. Mgeni akajaribu njia zake za vidole alizozizoea kwa miaka. Nyingine hazikufanya kitu. Nyingine zilifanya kitu ambacho hakukiomba.

"Hii siyo yangu," alisema. "Niwekee ile yangu."

Fundi akasema, "Hiyo haiingii hapa."

"Si umesema ni huria?"

"Ni huria. Lakini ilijengwa ikae ndani ya ule mfumo wa kulipia peke yake." Alisema polepole, kama mtu anayesikia maneno yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. "Hii ingine pia ni nzuri, kaka. Ni kuzoea tu."

"Nizoee lini?"

Watu wa mlangoni walianza kupungua. Muuza kava alikumbuka kazi zake. Mzee alikuwa amerudi, amesimama nyuma yao, na nilimngojea acheke. Hakucheka. Alipenya, akavua flashi, akaisogeza kwenye tundu la mashine. Fundi akaliziba tundu kwa kiganja.

"Siweki hiyo. Niliapa."

"Wewe ndiye uliapa," mgeni alisema. "Mimi nimeomba kazi."

Fundi akaondoa mkono. Lakini mgeni hakumwambia mzee aendelee. Aligeukia upande wake. "Na wewe, ukiniwekea hiyo yako, unaniambia kweli haitazima kesho?"

Mzee alitazama flashi. "Mara nyingi haizimi."

"Mara nyingi."

"Siwezi kukudanganya, ndugu yangu."

Chini, askari wa jengo alikuwa ameanza kugonga milango ya chuma kwa rungu, ishara kwamba watu wafunge. Mgeni alikuwa amekunja mikono mapajani. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hii mashine mliitoa wapi?"

"Ofisi za ng'ambo," mzee alisema. "Wakibadilisha, sisi tunanunua."

"Na hiyo ofisi ya ng'ambo, nayo ilikuwa inaiba?"

Mzee alimtazama fundi na fundi akamtazama mzee, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kutazamana. Fundi akaizima mashine, akaiwasha huku ameshikilia kitufe, akaandika amri fulani, akasoma. Leseni ilikuwemo. Halali, imeandikwa ndani ya ubao wenyewe tangu kiwandani, ya toleo dogo la mfumo uleule wa kulipia. Mzee hakuwahi kuiona kwa sababu hakuwahi kuangalia. Flashi yake iliweka toleo kubwa kwa kila mashine iliyopita mikononi mwake. Fundi hakuwahi kuiona kwa sababu kwake mfumo ule ulikuwa uchafu wa kufutwa. Walikuwa wamegombana miezi na miezi juu ya wizi na uhuru, na mashine tele kati yao zilikuwa zimekwisha kulipiwa.

Ilibidi kushusha nakala safi kutoka kwa watengenezaji, na mtandao wa jengo ulikuwa umeshakatwa. Fundi alitoa simu yake, akafungua intaneti yake mwenyewe, akaushusha kwa data zake mfumo aliouchukia kuliko vitu vyote.

"Usiseme kitu," alimwambia mzee.

"Nimesema nini?"

Askari alitutoa kabla haujaisha kuingia. Tulimalizia nyumbani kwa yule bwana, kwenye meza ya kulia, mke wake akizunguka na sahani kana kwamba tuko katikati ya upasuaji. Ile sauti ya programu yake ilipoanza, ilikwenda mbio sana, sikushika neno hata moja. Yeye alishika yote. Aliandika mstari, akaufuta, akaandika tena. Mabega yake yakashuka.

Fundi alikuwa na mashine za watu za kurudisha, kwa hiyo asubuhi mimi ndiye niliyemsindikiza Westlands. Alisema hahitaji kushikwa mkono, anahitaji mtu wa lifti tu, kwa sababu majengo mapya yameondoa vitufe yakaweka vioo laini vya kugusa. Kweli, kidole chake kingetua popote kwenye kioo kile na asijue ametumwa ghorofa gani.

Nilimngojea mapokezi. Kupitia mlango nilisikia ile sauti ya mbio ya mashine yake, ikinyamaza, ikianza. Kila iliponyamaza nilisimama. Alipotoka, wenye mtihani walikuwa wanampa mikono. Kazi ilikuwa safi, walisema. Halafu akaja mwanamke kijana, kitambulisho shingoni, msimamizi wa kompyuta za ofisi, akauliza ile programu ya kusoma ameinunua wapi.

"Ni ya bure."

"Aa. Hapo kuna shida. Hapa unatumia mashine ya ofisi, na sisi haturuhusu programu za bure. Hatujui nani ametengeneza."

Waliompa mikono wakatazama sakafu. Nikaona kazi ikiondoka, hivihivi, kwa sentensi moja ya upole.

"Hizi zenu za kulipia," mgeni alisema, "mmesoma msimbo wake?"

"Hausomeki. Ni siri ya kampuni."

"Wangu unasomeka. Leo, sasa hivi. Usome, ukikuta kitu kibaya niondoke." Yule ambaye jana alisema hana upande alisimama katikati ya ukumbi ule wa marumaru akibishana kama mtu wa ghorofa ya tatu Luthuli. "Mnaniambia niache macho yangu mlangoni kwa sababu sikuyanunua."

"Si mimi ninayeamua, sir."

"Niitie anayeamua. Mimi nitakaa."

Akakaa. Nikakaa kando yake. Watu waliingia na kutoka na vikombe vya kahawa. Mwishowe mwanamke yule alirudi peke yake, amebeba laptopu ya ofisi mikononi. Akaiweka kwenye meza ndogo mbele yetu, akaandika nywila yake, akavuta kiti.

"Nimewaambia nitaijaribu mwenyewe, na ikileta matatizo mimi ndiye nitakayeulizwa," alisema. "Iweke. Nataka kuona inafanya nini."

Mgeni aliiweka. Sauti ikaanza kumwagika, ya mbio, na mwanamke akasogeza kichwa karibu, akakunja uso.

"Sishiki kitu. Punguza kasi nisikie."

Akapunguza.