Nilivyowaambia wakimbizi wa Kanyaruchinya kwamba wana haki ya kusahauliwa

Wakuu, habari za huko mliko. Na nyie mnaosoma kimya kimya bila kuandika neno, nawaona, karibuni pia.

Hii siyo chai, siyo hadithi ya kutunga. Ni mambo yangu mwenyewe na nitayaeleza kama yalivyokuwa, hata pale yanaponiaibisha. Nawaonya mapema kwamba yananiaibisha karibu kote.

Mimi ni mtu wa Goma, mashariki mwa Congo, nimekulia mtaa wa Birere. Wazazi ni Wanande, walishuka kutoka Butembo na biashara ya maharage, baadaye mama akahamia kwenye vitenge. Nilisoma sheria pale pale mjini, halafu nikapata scholarship ya master ya sheria ya teknolojia na sera za kidijitali. Ni zile program za kuzungushwa: muhula mmoja Nairobi, kisha Ulaya, nchi mbili tofauti.

Mnielewe. Sikwenda kujifunza kutengeneza kompyuta. Nilikwenda kujifunza nani ana haki gani juu ya taarifa zako: jina, picha, namba ya simu, alama za vidole.

Kila nchi ina jibu lake. Nairobi walinipa jibu moja, nikalishika vizuri. Nilipofika Ulaya nikaambiwa lile ni mtoto wa jibu lao. Nchi ya tatu wakasema wale wa pili wenyewe hawakuelewa. Nikamaliza nikiwa na majibu matatu na koti zito la baridi.

Nyumbani hakuna aliyejua nasomea nini. Mama alishatangaza Birere nzima: "Mutoto yangu njo avocat ya téléphone," yaani mwanangu ndiye wakili wa simu. Kwa hiyo nikija likizo watu wananisubiri mlangoni na simu zilizopasuka kioo. Baba mmoja jirani, kwetu tunasema papa, nilimweleza taratibu kwamba mimi kazi yangu ni sheria tu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Sawa, ni muzuri. Sasa uiwashe kwanza."

Sikuweza kuiwasha.

Lakini huko Ulaya, wakuu, nilikuwa mtu! Vita ilikuwa imerudi Rutshuru, kaskazini mwa mji wetu, watu wanashuka kwa makundi kuja Goma na magodoro kichwani, na mimi ndiye nilikuwa "sauti kutoka eneo la vita". Kila semina napewa kipaza sauti. Ukweli ni kwamba hiyo vita nilikuwa naiangalia kwenye simu, kitandani, sawasawa na wao.

Mémoire yangu, ile tasnifu ya mwisho, niliandika juu ya haki ya kusahauliwa kwa watu waliokimbia vita.

Kwa wasioijua hiyo haki: Kifaransa wanaiita droit à l'oubli. Maana yake unaweza kudai habari yako au picha yako ifutwe mtandaoni kama inakuumiza na haina sababu ya kubaki pale. Haki nzuri kabisa. Niliijazia kurasa bila kukanyaga kambi hata moja, na kambi ya Kanyaruchinya kutoka kwetu ni kupanda pikipiki tu.

Walinipa alama za juu. Nikavimba kichwa.

Niliporudi, vijana wa chama kidogo cha mtaani wakaniomba niende Kanyaruchinya kuwafundisha wakimbizi kuhusu taarifa zao, kwa sababu kila shirika likija linachukua majina, picha na vidole. Nilikubali kabla hawajamaliza kuongea.

Nilivaa viatu vipya vya ngozi. Kule chini ni mawe ya volkano, meusi na makali, kila hatua nasikia soli inalia. Nilibeba na projekta. Kambi haina umeme. Nikaiweka tu mezani mbele yangu, kwa heshima.

Watu walikaa chini ya turubai, wengi akina mama na watoto mgongoni. Aliyenikaribisha ni Papa Bahati, président wa kambi, mkimbizi mwenzao waliyemchagua wenyewe.

Nikaanza. Nikawaambia wana haki ya kujua "traitement ya données" zao inafanyika vipi, yaani taarifa zao zinatumiwaje. Muzee mmoja akanyoosha mkono. "Iyo traitement ni ya dawa ya kunywa ao ya sindano?"

Kwake traitement ni matibabu. Ningepaswa kuacha hapo hapo. Mtu mwenye akili angeona kwamba maneno yake hayapiti. Mimi nikasema moyoni, subirini niwape ile kubwa.

Na kwa kuwa nilitaka kuwaonyesha kwamba mimi ni mtoto wa nyumbani, nikaacha Kifaransa. Nikaitafsiri neno kwa neno, kwa sauti ya semina:

"Wapendwa, ninyi wote mna haki ya kusahauliwa!"

Papa Bahati akasimama polepole. "Papa, rudilia pale. Umesema tuko na haki ya nini?"

"Ya kusahauliwa."

Mama mmoja wa mbele akapiga makofi. "Kumbe ni haki! Sisi tulikuwa nazani ni bahati mbaya."

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, mjinga kabisa, nikidhani somo limewaingia. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Balimutuma huyu! Balimutuma atuambie banatuacha!" Kicheko kikakatika, wakaamini mashirika yamenituma kuwaaga. Wakaanza kusimama. Mwingine akauliza kama chakula ndiyo kimekwisha. Mwingine akasema alijua tu, mtu hawezi kuja na viatu vile kuleta habari njema.

Wakuu, niliogopa. Nilijaribu kueleza kwamba ni kusahauliwa na mtandao, siyo na watu. Nikazidi kuharibu, maana sasa wakasikia kwamba hata kwenye mtandao tutawafuta. Watu wa upande wa pili wa kambi wakawa wanakuja mbio kusikia tangazo.

Papa Bahati akanishika mkono akanitoa. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Papa, uende. Ukuye siku ingine na maneno ingine."

Nipo juu ya pikipiki, projekta nimeipakata, mama mmoja akaja anatembea haraka. Nitamwita Mama Riziki. Alikuwa amekaa pembeni muda wote, hakucheka wala kupiga kelele.

"Papa avocat," akasema. "Ile haki ya kusahabiwa. Mi naitaka. Inapatikana wapi?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania.

Alinieleza pale pale, kwa sauti ya chini. Alipofika kambini alipigwa picha na watu wa shirika moja. Waliomba ruhusa, akakubali, walikuwa na heshima. Akawaeleza ni akina nani waliochoma nyumba yake. Sasa mpwa wake amempigia simu: sura yake iko mtandaoni, na jina lake, na jina la kijiji, na yale maneno yote chini.

Mume wake alibaki kijijini kulinda shamba. Anataka kuja Goma, lakini njia inapita kwenye kizuizi cha watu hao hao waliochoma. Na pale kizuizini wanachukua simu za watu na kupekua, wanaangalia nani kasema nini. Bado hawajaiona ile picha. Wakiiona, mume wake hapiti.

"Baliniambia ni ya kuonesha batu ya Bulaya," akasema. "Sikujua Bulaya iko na njia ya kurudia Rutshuru."

Nilikuwa nimesoma miaka yote hiyo na hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza mtandao ni nini vizuri namna hiyo.

Nikamwahidi. Nikaenda nyumbani nikaandika barua.

Na hapa ndipo najicheka nikiwa natamani pia kujipiga. Shirika limesajiliwa nchi moja, tovuti yao inahifadhiwa nchi nyingine, picha imepigwa Congo, na mpiga picha ni wa nchi ya nne. Kwa mtu wa fani yangu hiyo ni sikukuu! Niliwachapa na sheria za nchi tatu, vifungu, maelezo chini ya ukurasa. Nilibadilisha hata aina ya maandishi ili ipendeze. Mume wa mama wa watu amekwama kijijini anaogopa kizuizi, mimi natafuta maandishi mazuri.

Jibu likaja, la mashine. Asante kwa kutuandikia. Ili tushughulikie ombi lako, tuma kitambulisho cha mhusika na picha yake ya karibuni.

Yaani ili wamsahau, walitaka sura yake nyingine.

Kitambulisho chake kiliungua na nyumba. Nilipomweleza, Mama Riziki alifikiri kidogo, akaanza kurekebisha kitambaa cha kichwa. "Basi unipige ingine," akasema. Alikuwa tayari. Nikamwambia hapana mama, weka chini mikono, hatupigi tena picha.

Nilirudi Birere nimechoka, nikamsimulia mama yangu akiwa anakunja vitenge. Hakunyanyua hata uso. "Ile shirika si iko na bureau hapa Himbi? Aline wa pale njo client yangu."

Wakuu, ofisi yao iko Goma. Nilikuwa naipita karibu kila siku. Nilikuwa nimeandika barua mpaka Ulaya kuomba kitu ambacho kiko mtaa wa pili, na katika ile barua yote sikuwa nimewahi kujiuliza kama wana mlango.

Mama akafunga duka akanipeleka mwenyewe. Getini akanitambulisha kwa mlinzi, "Huyu ni mutoto yangu, ule wa masimu." Aline ndiye anayeshughulikia picha na habari zao. Wakaulizana kwanza habari za watoto, za bei ya vitenge, za mgongo wa mama. Nilikuwa nimebeba nakala ya barua yangu, nikaanza kuikunjua. Mama akanigeukia: "Sasa umuambie. Usimusomee."

Nikamwambia. Mume, kizuizi, simu zinazopekuliwa.

Aline akaweka mkono mdomoni. "Yesu. Hakuna mutu alituambia bale batu banaangaliaka site yetu." Akafungua kompyuta na picha ikaondoka tukiwa tunaangalia. Akapiga simu kwa wenzake, ikatolewa na kwenye ripoti yao. Barua yangu haikuguswa. Nadhani bado ina vifungu vizuri.

Nijitetee kidogo. Picha ikifutwa kwenye tovuti, kivuli chake kinabaki muda kwenye mashine za kutafutia. Hapo nilijua pa kugonga na namna ya kuomba kiondolewe haraka, na kikaondolewa. Kwa hiyo scholarship haikupotea yote. Ilisaidia kufagia.

Nikapanda tena Kanyaruchinya, safari hii na kandambili. Nikamwonyesha Mama Riziki simu. Niliandika jina lake mbele yake, nikaandika na kijiji. Hakuna kitu. Akachukua simu akaishika kwa mikono miwili.

"Siko?"

"Hauko, mama."

Akapumua, wakuu. Nilisikia ile pumzi. Akanishukuru, akaniombea Mungu anibariki mimi na mama yangu, halafu akasema kwa upole kabisa, "Sasa na weye unisahabu."

Papa Bahati alinipigia baadaye. Mume alipita. Walimsimamisha kizuizini, wakapekua simu, wakatafuta jina lake na la mke wake, wakamwachia. Alifika kambini na mbuzi mmoja. Nililia barabarani Birere, mchana kweupe, watu wanadhani nimeibiwa.

Baadaye vita ikafika mjini kwenyewe, kambi zikavunjwa, watu wakatawanyika. Sijui yeye na mume wake wako wapi leo. Lile aliloniomba, kwamba nimsahau, nimelishindwa, maana simu ninayo na jina lake nalijua. Kila wiki naliandika, natafuta. Kila wiki halipo. Nafurahi halipo.

Nilichojifunza ni kwamba sasa nikienda mahali sisemi haki ya kusahauliwa. Nasema: "Uko na haki ya kusema, toeni sura yangu pale." Wanaelewa, na wengine wananiuliza waanzie wapi. Na wewe unayepiga picha watu wenye shida, hata kwa nia njema, jiulize hiyo picha itarudi kwa nani.

Juzi walimu wangu wa Ulaya wameniandikia. Wanataka nikawaeleze kesi moja ambayo nimewahi kuishinda, na jina, mahali, ushahidi. Nina moja tu maisha yangu yote. Nimewajibu kwamba sina.

Haya, uwanja ni wenu. Mliowahi kufutisha kitu mtandaoni mseme mlipita wapi, na wanasheria mnisahihishe, nimeshazoea kupigwa. Kijiji sijataja na Riziki siyo jina lake. Na yule atakayeandika hapo chini "mkuu uzi bila picha haujakamilika", nakujibu kabisa: picha hakuna, na ndiyo kazi pekee niliyowahi kuifanya vizuri.