Eti Hawapendi Mbolea

Juzi, nyuma ya pikapu iliyotoka Kayanga kwenda Kamuli, kijana wa chuo cha ualimu alinionyesha utafiti wake huku amekunja uso. Alikuwa ameandika, "Wakulima wa Kamuli hawapendi mbolea ya dukani." Mkufunzi akamrudishia, pembeni ameandika: "Uliwauliza?" Asiporekebisha, atafeli.

"Ananionea tu," alilalamika. Ili anithibitishie, akamgeukia mama mmoja aliyepakata mkungu wa ndizi.

"Shikamoo mama. Wewe ni wa Kamuli? Mbolea ya dukani unaipenda?"

"Marahaba mwanangu. Naipenda sana, ila haifiki!"

Pikapu nzima ikaangua kicheko, na kila mtu wa Kamuli akataka kuulizwa. Kijana akafuta "hawapendi", akaandika "hawapati", naye akicheka.

Nashuka nawaza: ripoti ngapi maofisini zinatusingizia kwa kukosa mkufunzi mkorofi?