Mpira wa Kuonea Esansi

Nichekeni, mna haki. Siku hizi Bujumbura esansi, yaani petroli, imeadimika kuliko adabu, nami nilishaamini kwamba Shabani, fundi wa boti yangu, ananiibia yangu. Aliponiambia mpira wa mafuta umepasuka, ninunue ule mweusi mnene wa injini, nilimjibu kwamba mweusi ni wa kufichia wizi. Nikamfukuza. Nikanunua mpira mwangavu wa kumwagilia bustani, nikaufunga mwenyewe, nikajigamba mbele ya abiria: "Sasa kila tone nitaliona kwa macho yangu!"

Siku ya tatu, katikati ya ziwa, injini ilikohoa ikazima. Esansi ilikuwa imeulainisha ule mpira wangu mzuri mpaka ukachomoka. Mama mmoja muuza samaki wa ndagala alinusa, akapiga kelele: "Mutu asiwashe kiberiti!"

Aliyekuja kutuvuta, na boti ya kuazima, alikuwa Shabani. Alichungulia sakafuni, ambako esansi ilikuwa inatulowesha miguu, akaniuliza taratibu, abiria wote wakisikia:

"Patron, ile esansi yenye mi nakuibiaga, ndiyo hii?"