Kisu cha Ulanzi

Nilikubali kuiacha sentensi moja. Ilikuwa miaka ya hamsini, nina umri wa miaka kumi na mitatu, na hadi leo natamani ningekataa.

Juzi nilisimama Ilula kununua nyanya, nikawaona akina mama kwenye foleni ya zahanati, watoto mgongoni. Muuguzi kijana alikuwa akiwaeleza kwamba mtoto akikohoa aletwe pale, asikatwe kimio. Walimsikiliza huku wakitaniana. Niliondoka, nyanya zangu nikaziacha kwa muuzaji.

Kwetu, ndugu yangu, milimani juu ya Ipogolo, masika yalikuwa na ladha yake. Mianzi ilichipua, na jirani yetu alipita asubuhi na jioni akikata ncha za machipukizi ili ulanzi, pombe ya mianzi, udondoke. Nikienda shule alinimiminia ule mtamu ambao haujachacha, nikashushia kiporo cha ugali wa ulezi. Kisu chake kilikuwa kifupi, chembamba, kikali. Kwa kisu hicho hicho aliwakata watoto kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, maana wazee waliamini ndicho kinacholeta kikohozi. Alimkata baba, akanikata na mimi.

Ndipo nesi alipoanza kuja na Landrova kuwafundisha akina mama darasani kwetu. Yeye alisema Kiswahili, mama zetu Kihehe tu, kwa hiyo mwalimu akaniteua kutafsiri. Habari za nesi zilimtangulia kutoka kijiji cha pili. Asubuhi ile jirani alinijazia kikombe akasema taratibu:

"Mjukuu wangu, akifika kwenye kimio, wewe ruka. Unataka wanawake wanicheke kisimani?"

Kwetu mtoto hamuumbui mzee. Nikasema, "Ndiyo, babu."

Nilitafsiri vizuri habari za kuchemsha maji, na za kuzungushia mafiga uzio ili mtoto asitambae motoni. Kisha nesi akasema wasiwakate watoto kimio, wanakufa kwa kutoka damu. Mtoto akikohoa apelekwe hospitali. Nikawaambia mama zetu wawafunike watoto, kuna baridi.

Haukupita muda, mdogo wangu wa kike, mwenye meno mawili tu, akaanza kukohoa. Mama alisita. Aliniuliza kama nesi alisema lolote kuhusu kikohozi. Nikajibu, alisema baridi tu.

Bibi alimbana mtoto mapajani, akaniamuru nishike kichwa. Jirani akampanua mdomo kwa kijiti. Mtoto alijinyonganyonga, akaniuma kidole, kovu lipo. Kisu kikaingia. Nikasikia koo likitokota kama chungu, na damu ya moto ikanirukia kifuani. Bibi alimwekea dawa ya majani, damu ikaisukuma nje. Alilia mpaka alasiri, kisha hakulia tena.

Baada ya maziko baba alichukua panga akaifyeka mianzi yote ya jirani, halafu akamgeukia mwenyewe. Alimpiga kwa ubapa wa panga mpaka meno yakadondoka. Mzee yule hakuinua mkono.

Nesi aliporudi, alikuja na mtafsiri wake. Sentensi ile ikasemwa kwa Kihehe. Mama akasimama katikati ya darasa.

"Siku ile alisema hivi?"

"Alisema, mama."

"Na wewe ulisikia."

"Nilisikia."

Alinivuta nje, akaokota mpini wa jembe, akanipiga mpaka mfupa wa mkono ukalia. Wanawake walitazama. Hakuna aliyemshika.

Siku hizi ulanzi hufika barabarani kwenye madumu ya plastiki. Bibi, baba na jirani wote wamelala kule kilimani, na pale palipokuwa na mianzi pana mahindi. Mama aliishi miaka mingi. Alinipikia, alinifulia mpaka nikaenda sekondari, lakini watoto wawili aliowazaa baadaye hakuniruhusu kuwabeba hata siku moja, na jina langu hakulitaja tena. Nilipoenda kumuuguza mwishoni, aliugeuza uso ukutani mpaka akafariki. Sentensi ile ilinigharimu mdogo wangu, na ilinigharimu mama.