Donge la Mwisho la Mama

Enzi zetu kule Korogwe, Jumamosi ilianza kwa kishindo cha unga. Mama alikanda chapati kwenye beseni la bati, ngumi zikizama, jasho likimchuruzika, nasi tumechuchumaa pembeni tukingoja. Ilikuwa desturi yake: kila mtoto akatiwe kidonge akikande mwenyewe. Vya kwetu viliiva vyeusi kwa uchafu wa mikono, tukavila hivyo hivyo kwa chai ya mchaichai. Watoto wa hapa Irving, Marekani, wao wanaamini chapati inazaliwa kwenye friza la duka la Wahindi.

Siku moja nilirudi kutoka shule na neno jipya la Kiingereza, la kumwita mwanamke wa heshima. Nikajitupia khanga ya Mama begani, nikatembea uani kwa maringo. "Mama, mimi ni lady!"

Alicheka mpaka akakaa chini. "We mtoto wewe! Lady hashiki unga. Njoo ukande."

Hata alipokuja kuishi kwangu uzeeni, nikimwambia apumzike, alinijibu, "Kwani mimi lady?"

Tulimzika mwezi uliopita, huku huku Texas, mbali na kaburi la Baba. Juzi Jumapili binti yangu Neema, anayesoma chuo Arlington, alikuja ameshika simu.

"Mama, nime-check lile neno la Bibi. Lady. Zamani sana kwa Waingereza lilikuwa maneno mawili, mkate na kukanda. Lady ni yule anayekanda mkate."

"Hebu rudia."

Akarudia. "So Bibi alikuwa lady. All along, miaka yote."

Nilifungua friza. Lilikuwamo donge moja la unga wa chapati, Mama alilifunga kwenye nailoni kabla hajalazwa. Nilikuwa nimeshindwa kulipika, nikashindwa kulitupa. Alama za vidole vyake zilikuwa bado zimo.

Tuliliacha liyeyuke. Nikamkatia Neema kidonge chake. Alikikanda ovyo, kucha zake ndefu za kubandika zikinasa unga, nikamcheka huku nalia. Zilitoka chapati mbili tu, moja kama ramani. Tulizila zingali moto.

Enzi zile tulikuwa na Mama anakanda, na maana ya neno lile hakuna aliyeijua. Sasa maana tunayo, imo kwenye simu, na beseni lake la bati, alilokuja nalo kutoka Korogwe, limeegemea ukuta, kavu.